Aga kwanza, ndipo utoshe

Kompyuta nyingi tunazozitumia hapa Lubumbashi zinazungumza Kifaransa. Chini ya kioo, upande wa kulia, kuna alama ndogo ya kle ya USB, na ukiibofya unaletewa neno « Éjecter ». Wanafunzi wengi wanaipita alama hiyo kama mtu anavyopita mbele ya tangazo la mwaka juzi. Mtu anamaliza kunakili faili, anaishika kle, anavuta. Kwenye vibanda vya kuchapa na kutoa nakala, mwenye mashine ndiye anayemhimiza, maana foleni ni ndefu: "Tosha tu, hakuna neno."

Watu wa informatiki wanasema huo ni uvivu. Mimi sikubali. Naona kosa liko katika neno, na kama liko katika neno basi linatuhusu sisi wa isimu kuliko wao. Neno lililo kwenye kioo halisemi kinachotendeka. Neno tulilo nalo mdomoni halisemi pia. Lakini Kiswahili kina neno linalosema, nalo ni kuaga.

Kwanza kinachotendeka. Unaponakili faili kwenda kwenye kle, kompyuta haiandiki yote palepale. Kuandika kwenye kle ni kazi ya polepole. Kuandika katika kumbukumbu yake ya ndani ni kazi ya haraka. Kwa hiyo mara nyingi inaupokea mzigo, inauweka kwanza katika kumbukumbu hiyo ya muda, inakuonyesha kwamba kazi imekwisha, kisha inaendelea kuupeleka kwenye kle kidogo kidogo bila wewe kuona. Katika Linux, kwa mipangilio ya kawaida, data inaweza kukaa hivyo kwa sekunde 30 hivi kabla mfumo haujaihesabu kuwa imechelewa na kwenda kuiandika. Kama faili ni kubwa na kle ni ile ya bei nafuu, uandishi wenyewe unaweza kuendelea kwa dakika kadhaa baada ya ule mstari wa kijani kufika mwisho.

Tena kuna suala la jedwali. Kle nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32 au exFAT, na humo ndani mna kitu kama ukurasa wa yaliyomo: jina la kila faili, ukubwa wake, na mahali vipande vyake vilipowekwa. Inawezekana vipande vimefika na ukurasa ule haujaandikwa upya, au ukurasa umeandikwa na vipande bado viko njiani. Ndiyo asili ya ugonjwa unaojulikana na kila aliyewahi kuandika tasnifu: faili lina jina zuri, lina tarehe sahihi, na ukubwa wake ni 0. Wengine wamekuta kwenye kle yao folda iitwayo FOUND.000, yenye mafaili ya namna ya FILE0000.CHK. Hivyo ni vipande ambavyo Windows imeviokota baada ya ajali bila kujua vilikuwa vya faili gani.

Kwa hiyo kubofya alama ile si kutoa kitu. Ni kuiuliza kompyuta: nataka kuondoka, umemaliza ya kwangu? Nayo inamimina kilichobaki, inalifunga jedwali, inajibu kwamba sasa unaweza kwenda. Au inakataa na kusema kifaa bado kinatumika. Kuna anayeomba na kuna anayejibu, na jibu linaweza kuwa "ngoja".

Sasa tulitazame neno la Kifaransa. « Éjecter » ni kurusha nje kwa nguvu. Rubani wa ndege ya vita hurushwa hivyo na kiti chake. Kaseti ilikuwa ikiruka hivyo kutoka kwenye redio ya baba. Wakati wa kanda na disketi neno hilo lilikuwa na haki yake, kwa sababu kulikuwa na kitu kilichosukumwa na macho yakakiona. Kle haisukumwi na chochote. Unabofya « Éjecter » na kle inabaki palepale, haijasogea hata unywele. Amri inayoahidi mruko halafu hairushi kitu inamfundisha mtu kuidharau, na mimi siwalaumu wanaoidharau.

Kuhusu yale maneno mengine, « en toute sécurité », swali ni moja: usalama wa nani? Nimewauliza wenzangu kadhaa wanafikiri wanakinga nini wanapobofya pale. Wengi walitaja virusi. Wengine walitaja umeme, kwamba kle itaungua. Faili halikutajwa na wengi. Jibu la umeme linaeleweka, ila waliotengeneza USB waliliwaza kabla yetu: ndani ya kichwa cha kle, vile vibati vya pembeni vinavyopitisha umeme ni virefu kuliko vile vya katikati vinavyopitisha data, hivyo unapochomeka umeme hutangulia na unapovuta umeme huwa wa mwisho kukatika. Walijua tutavuta kifaa kikiwa hai, wakalinda kifaa. Faili ambalo bado liko upande wa pili, katika kumbukumbu ya kompyuta, hakuna kibati kinachoweza kulilinda.

Si Wafaransa peke yao walioteleza. Katika Macintosh za zamani mtu aliweza kutoa disketi kwa kuiburuta hadi kwenye picha ya pipa la taka, pipa lilelile la kufutia mafaili. Watu waliogopa, na walikuwa na sababu ya kuogopa. Baadaye, katika Mac OS X, Apple walifanya picha ya pipa igeuke kuwa alama ya kutolea pale unapoburuta diski. Sitiari mbaya ilidumu miaka mingi kwa kampuni yenye fedha ya kuajiri wabunifu wowote iliowataka.

Na sisi? Sisi tunasema kutosha. Msomaji wa Dar es Salaam akisikia "tosha kle" atashangaa, kwa sababu kwake kutosha ni kuwa na kiasi cha kufaa, chakula kimetosha. Wapo wanaotucheka kwa hilo, na huwa nafurahi kuwajibu. Umbo letu ni la kawaida kabisa: amka hutoa amsha, waka hutoa washa, choka hutoa chosha, na toka hutoa tosha. Ni kutendesha kwa kanuni, fanya atoke. Lakini ndipo hapo tatizo linapojitokeza. Kutendesha kunampa nguvu yote mtenda. Mimi natosha, kle inatoka, kompyuta haina sauti. Hakuna nafasi ya "ngoja" ndani ya kitenzi hicho.

Kiswahili cha pwani kina chomoa, na naona chomoa kinapotosha zaidi. Tumejifunza mwaka wa kwanza kile kiambishi cha kutendua: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, chomeka na chomoa. Kiambishi hicho kinadai kwamba tendo la pili linarudi kwa njia ileile ya tendo la kwanza. Ukiweza kufunga kwa mkono mmoja utafungua kwa mkono mmoja. Kwa kle madai hayo ni ya uongo. Inapoingia haina deni na mtu, kwa hiyo unachomeka tu na huulizi. Inapotoka kuna mzigo ulioachwa nusu mlangoni. Kuingia na kutoka havilingani, na sarufi ya chomoa inasema vinalingana.

Kuaga hakusemi hivyo. Kwetu mgeni haagi anapoingia. Anabisha hodi, anakaribishwa, anaketi. Anapotaka kuondoka ndipo inapobidi aage, na kuaga si kutangaza kwamba anakwenda. Anasema, "Mama, naomba nafasi, niende." Mwenye nyumba anaweza kumwachia. Anaweza pia kusema subiri, chakula kiko motoni, au kuna kifurushi cha kumpelekea shangazi yako. Mgeni aliyetoroka bila kuaga anakiacha kifurushi hicho mezani. Faili lenye ukubwa 0 ndilo kifurushi hicho. Wenye Kibemba mtaniongezea, maana shalenipo yenu, maneno ya anayeondoka kwa wanaobaki, inakumbuka vilevile kwamba kuna anayebaki.

Tena Kiswahili cha mji wetu kinajua kulisema jibu la kompyuta. Mwalimu wa Kiswahili sanifu ataandika "inaandika", na umbo hilo linaweza kuwa sasa hivi au kila siku. Sisi tunasema "iko naandika", na hakuna anayekosea: ni wakati huu, kazi haijakatika. Kama kioo kingetuambia "Ngoja, iko naandika" badala ya « périphérique en cours d'utilisation », nadhani mikono mingi ingesimama.

Rafiki mmoja amenipinga: kuaga kunanukia msiba, ameaga dunia, nani anataka kifo kwenye kompyuta yake? Nasema kuaga dunia ni adabu ileile ya mgeni iliyopelekwa mbali, na kitenzi chenyewe kinaendelea kuishi kwa wasafiri na bibi harusi. Pakua nayo ilitoka kwenye sufuria na kwenye jahazi, na leo hakuna anayewaza wali anapopakua programu. Neno likipata kazi mpya watu hulizoea upesi, mradi ni fupi na linasema kweli. Ndiyo maana siungi mkono tafsiri za namna ya "ondoa kifaa kwa usalama". Ni sahihi, ni ndefu, na inarudia fumbo lilelile la usalama wa nani. Vitufe vingine ni Hifadhi, Futa, Ghairi. Hiki kiwe Aga. Herufi tatu.

Kuna pingamizi la pili, zito zaidi, nalo linatoka kwa wanaojua mashine. Wanasema mambo haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa tangu Windows 10 toleo la 1809, la mwaka 2018, diski za nje zimepangiwa utaratibu wa kuondolewa haraka: kompyuta haiwekezi tena mzigo katika kumbukumbu ya muda, na mtu anaweza kuvuta bila kuuliza. Ni kweli, na ni vizuri kulijua. Lakini utaratibu huo unafaa pale ambapo hakuna kinachoandikwa wakati ule, na hausaidii kitu kama Word bado imelifungua faili lako kutoka kwenye kle yenyewe. Pili, mpangilio huo unaweza kubadilishwa kwa kila kifaa, na aliyeubadilisha hakuachi barua. Tatu, macOS na Linux hazikufuata njia hiyo. Nne, tuseme ukweli: kompyuta ngapi za vibanda vya mjini zina mfumo wa baada ya 2018? Nimekuta Windows 7 mara nyingi, na Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Mwanafunzi anachomeka kle yake katika mashine tatu kwa siku moja, na hajui ni ipi inaweka mzigo na ipi haiweki. Kuaga kunamwokoa asihitaji kujua.

Kwa mtu anayebeba picha za harusi hasara ni huzuni. Kwetu ni kitu kingine, na hapa ndipo nilipotaka kufika.

Idara yetu inaishi kwa sauti za watu. Kila mwaka wenzetu wanakwenda kurekodi Kisanga, Kilamba, Kiluba, Kihemba, Kiruund, na Kiswahili cha mitaa yetu wenyewe. Saa moja ya sauti nzuri ya WAV, ya kHz 48 na biti 24, njia mbili, ni GB 1 hivi. Sauti hiyo inahama kutoka kadi ya kinasa sauti kwenda kompyuta ya kuazima, kutoka kompyuta kwenda kle, kutoka kle kwenda diski ya nje ya mwenzako mwenye nafasi. Kila hatua ina kutoka kwake. Mwenzangu mmoja alirekodi hadithi za Kilamba upande wa Kipushi. Mzee mmoja alimsimulia kwa dakika kama arobaini, akiimba katikati ya hadithi na wajukuu wakiitikia. Kadi ilikuwa imejaa, akanakili kwenye kle kwa kompyuta ya jirani, mstari ukafika mwisho, akavuta, akaifuta kadi ili arekodi wengine. Huku mjini alikuta jina la faili na sifuri. Alirudi kijijini, mzee akakubali kusimulia tena. Ilikuwa dakika kumi na tano. Wajukuu walikuwa shuleni na nyimbo hazikuimbwa, kwa sababu, alisema, "hiyo umeisha kuisikia." Profesa yeyote wa fasihi simulizi atakuambia kwamba simulizi la pili si nakala ya la kwanza. Utendaji ule wa kwanza haupo tena popote.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo, kilomita zipatazo 120 kutoka hapa. Gitaa lile bado linasikika. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu katika Kiswahili cha mji huu, kijitabu kikarudufiwa kwa mashine, na Johannes Fabian akakichapisha mwaka 1990 pamoja na maelezo yake. Leo tunakisoma darasani. Utepe wa sumaku huandikwa palepale unapopita mbele ya kichwa cha mashine, na karatasi ikishapigwa wino imepigwa. Vyombo hivyo havikuwa na chumba cha kungojea katikati. Vyetu vinacho, na hakuna aliyetuambia kwa lugha tunayoisikia.

Tena sisi tuna shida ambayo mwongozo wa kompyuta haukuandikiwa: umeme hauagi. Majira ya mvua yanapoanza, radi ikipiga, au zamu ya mtaa ikifika, unakatika ukiwa katikati ya neno, na kompyuta ya mezani isiyo na kifaa cha kuhifadhi umeme inakwenda nao pamoja na yote iliyokuwa haijayaandika. Kwa hiyo kuaga kwa Lubumbashi kusingoje jioni. Wengi wanachomeka kle asubuhi, wanafanya kazi humohumo ndani ya kle hadi saa kumi, ndipo wanakumbuka. Nakili kwenye kompyuta, fanya kazi huko, nakili kurudi, aga mara hiyohiyo, toa. Kle iliyo mfukoni haijui kama umeme umekatika.

Aliyekwisha kupata ajali asikate tamaa haraka, na asiandike kitu kingine juu ya kle hiyo. Faili la ELAN, lile la .eaf, ni maandishi ya XML. Likikatika mwishoni programu italikataa, lakini ukilifungua kwa kihariri cha maandishi unaweza kukuta mistari mingi ya unukuzi wako bado ipo, ukaifunga kwa mkono. WAV iliyokatika inaweza kuwa na kichwa kinachodai urefu ni sifuri huku sauti iko chini yake. Audacity inaweza kuiingiza kama data ghafi. Siku ya faili lenye 0 kamili, hayo hayasaidii.

Ninachokiomba si kikubwa. Somo la mbinu za utafiti nyanjani lina saa za kufundisha namna ya kushika kinasa sauti na namna ya kumwomba msemaji ridhaa. Liongezewe nusu saa ya jambo hili, kabla watu hawajapanda magari, na kanuni moja isiyojadiliwa: kadi haifutwi mpaka nakala mbili zimefunguliwa na kusikilizwa, si kuonekana jina tu. Katika chumba cha kompyuta tubandike karatasi juu ya kila mashine, kwa Kiswahili: "Aga kwanza, ndipo utoshe. Ikikataa, iko naandika: funga mafaili yako yote, aga tena. Ikikataa bado, zima kompyuta, ngoja izimike kabisa."

Maneno hayo nimeyapendekeza mimi, na najua walimu wengine watataka "utoe" badala ya "utoshe". Mwenye hoja ya sarufi aiandike katika toleo lijalo. Mwenye neno linalosema vizuri zaidi kuliko kuaga, la Kiswahili au la lugha ya kwao, alilete kabla hatujachapisha karatasi.